Niliacha kuprogramu 2015, narudije?

Wakuu habari, mi nilikuwa naandika PHP (lugha ya kutengenezea tovuti) ile ya kizamani, visaiti vya maduka na mfumo wa ada za shule, 2015 kampuni ikakata mishahara miezi mitatu nikaona isiwe tabu nikahamia kwenye spea za bodaboda. Sasa nataka kurudi, juzi nimejaribu kuwasha ule mfumo wa ada hauwaki, unalalamika eti mysql_connect, ile amri ya kuunganisha na hifadhidata, haijulikani. Nina miaka 36, nimechelewa?

Mkongwe wa Seva: Hujachelewa mkuu. Hizo mysql_ ziliondolewa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015, yaani umetoka tu wakafagia nyuma yako 😂 Siku hizi tumia PDO, ndo PHP inaongea na hifadhidata kupitia hiyo, na alichoandika mtumiaji usikibandike moja kwa moja kwenye kwiri (ombi unalotuma kwa hifadhidata), utadukuliwa. Usikimbilie kozi, uhamishie huohuo mfumo PHP 8, ukikwama ndo usome.

Mama Terminali: Na Git ujifunze, ile ya kutunza kila toleo la kodi yako. Mi nilikaa pembeni miaka minne nalea, lugha haikunisumbua kivile, kilichonitesa ni intavyuu, kuulizwa ulikuwa wapi. Nikajibu nalea, wakapita swali linalofuata, nilikuwa nimekosa usingizi bure.

Dogo Janja: achana na PHP bro, ingia React, ile ya JavaScript ya kujengea kurasa

Mkongwe wa Seva: Dogo asikuyumbishe, WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, ni PHP na vibarua vyake havijaisha.

Muuliza: Shukrani. Git yangu ilikuwa folda inaitwa mpya_final2 😅 nikifunga duka leo naanza