Naomba ushauri: Kutoka mazingira kwenda usimamizi wa miradi

Wakuu, habari za kazi. Nina digrii ya uhandisi mazingira, nipo saiti ya barabara upande wa mkandarasi. Kazi yangu ni kufuatilia boza la maji limwage kabla vumbi halijaingia kwa watu, mapipa ya oili chafu yasivuje, na ripoti za NEMC (baraza la taifa la mazingira) zitoke kwa wakati. Kazi naipenda, ila kwenye vikao vya ratiba na malipo sisi wa mazingira tunaitwa mambo yakishaharibika.

Nataka kuwa meneja mradi. Hapo ndipo nakwama. PMP, cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, inataka mwenye digrii awe ameongoza miradi kwa miezi 36, pamoja na saa 35 za mafunzo. Je, kusimamia mpango wa mazingira ndani ya mradi wa mwingine kunahesabika? Au nimalize kwanza usajili wa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi)? Bosi wangu anasema bila kuijua BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake) na mikataba ya FIDIC (mikataba ya ujenzi ya kimataifa), cheti ni pambo tu, na naona ana hoja.

Masta siitaki kwa sasa, ada imenishinda. Mliotokea mazingira mkafika huko, mlianzia wapi? Nihamie kwa mhandisi mshauri?