Ombi la ufadhili wa uzamivu lilikataliwa: niboreshe nini?

Swali: Wanajukwaa, ombi langu la ufadhili wa uzamivu nchini Ujerumani, kuhusu maji ya chumvi katika visima vya Bagamoyo, lilikataliwa bila maelezo. Nakusudia kuomba tena mwakani, nianzie wapi?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Anza na andiko la utafiti. Kichwa kama "Kuchunguza ubora wa maji" ni mada tu, bado si swali la utafiti. Eleza ni visima vipi utakavyovipima, katika misimu ipi, na jinsi vipimo, kwa mfano uwiano wa kloridi na bromidi, vitakavyotofautisha chumvi ya bahari na ile iliyoyeyuka kutoka ardhini. Hapo ndipo wasomaji wa maombi hukaa kwa muda mrefu, nami ningetumia nguvu zangu nyingi hapo.

Jibu: Naunga mkono. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi na watafiti wa kigeni, kwa mfano, huhitaji barua ya profesa wa Ujerumani anayekubali kukusimamia. Mtumie andiko mapema alikosoe, kwa kuwa barua inayotaja mbinu zako ina uzito kuliko ile ya kukukaribisha tu.

Jibu: Waombe pia wadhamini wako waandike barua mpya za mapendekezo zinazolihusu andiko hilo jipya.