Mistari ya mapambo kwenye vioo vya taa za nyuma: namna ya kuipaka bila kufifisha taa

Mwenye swali

Ndugu zangu, salaam. Gari langu lina taa za nyuma ndefu na pana, nami nimekusudia kuzipamba kwa mistari mitatu myembamba ya rangi nyeusi, inayokwenda sambamba kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani. Kazi hii nataka kuifanya mwenyewe nyumbani kwa rangi ya kopo la kupuliza. Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, plastiki ya taa huandaliwa vipi ili rangi ishike na isibanduke baada ya kuoshwa mara chache? Pili, mistari iwe na upana gani ili taa ya breki isipoteze nguvu? Nimeona magari yaliyopambwa hivi yakapendeza sana, lakini nimeona pia mengine ambayo, ukiwa nyuma yake wakati wa jua kali, huwezi kujua kama dereva amekanyaga breki, na sitaki langu liwe miongoni mwa hayo.

Fundi rangi

Ndugu, la pili ndilo zito zaidi, na naliachia wanaofahamu taa kunishinda. Kwenye rangi naweza kukusaidia.

Vioo vya taa za nyuma kwa kawaida ni plastiki ya akriliki, tofauti na vya taa za mbele ambavyo siku hizi hutengenezwa kwa polikaboneti. Akriliki hung'aa vizuri lakini haivumilii vimiminika vikali. Ukiipangusa kwa tina au asetoni hufanya nyufa nyembamba mno ndani yake, ambazo pengine hutaziona siku hiyo, na zikishajitokeza hakuna vanishi itakayozifuta. Kwa hiyo vua taa kwenye gari (mara nyingi ni nati chache ndani ya buti na soketi za balbu), ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, iache ikauke kabisa, kisha ipanguse kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji. Ziba matundu ya nyuma wakati wa kuosha na kupuliza, na ukumbuke kuyazibua kabla ya kuirudisha, kwa sababu baadhi yake ni ya kupumulia, na yakibaki yamezibwa taa hujaa ukungu.

Hatua ya tepu ndiyo inayotofautisha kazi safi na kazi chafu. Tumia tepu nyembamba ya plastiki ambayo mafundi rangi huitumia kuchorea mistari, kwa kuwa tepu ya kawaida ya karatasi hupitisha rangi pembeni na kuacha ukingo wenye meno. Ukishaibandika, kandamiza ukingo wake kwa ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa pale kioo kinapopinda. Baada ya hapo kwaruza ndani ya mstari peke yake kwa kipande kidogo cha msasa wa maji namba 800 au 1000, mpaka mng'ao uondoke, bila kuuinua ukingo wa tepu. Pangusa vumbi, puliza praima ya plastiki isiyo na rangi, kisha puliza vanishi kidogo sana juu ya ukingo wa tepu. Vanishi hiyo hujaza mwanya wowote uliosalia chini ya tepu, hivyo nyeusi ikija haipati njia ya kupenya.

Rangi yenyewe ipulizwe kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, mikono (yaani matabaka) mitatu myepesi, ukisubiri dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono. Mkono wa kwanza usijaribu kufunika kitu. Ukiona plastiki bado inaonekana chini yake, umefanya vizuri. Tepu ibandue rangi ikiwa imekauka kwa kugusa lakini haijawa ngumu, ukiikunja kuelekea nyuma na kuivuta polepole. Siku inayofuata malizia kwa vanishi inayozuia miale ya jua. Vanishi ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha) nakusihi usiipulize nyumbani, kwani ina isosianati, kemikali ambazo huharibu mapafu, na barakoa ya vumbi haizizuii hata kidogo.

Mtaalamu wa umeme wa magari

Fundi amesema vyema. Naongeza kuhusu mwanga.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari, zinazofuatwa na nchi nyingi, zinataka taa ndogo ya nyuma itoe angalau kandela 4 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga) na taa ya breki angalau 60, zikipimwa moja kwa moja kutoka nyuma. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayomwambia dereva anayekufuata kwamba unasimama. Taa iliyozeeka, ambayo kioo chake kimefifia na kioo cha ndani kinachorudisha mwanga kimeshika vumbi, imekwisha kupoteza sehemu ya akiba yake kabla hujaigusa.

Upana wa mstari peke yake hautoshi kuwa kipimo. Muhimu zaidi ni mahali unapopita. Washa taa gizani, umwombe mtu akanyage breki, kisha uweke alama pale mwanga unapokusanyika. Mstari wa milimita 6 ukipita pembezoni hauleti madhara makubwa, lakini huohuo ukipita mbele ya balbu huziba sehemu iliyokuwa ikitoa mwanga mwingi kuliko zote. Kwa taa za LED zilizopangwa kwa safu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mstari unaolala juu ya safu unaweza kuiziba yote. Tena nyeusi hunyonya joto, na waya wa breki katika balbu ya kawaida ni wa wati 21. Akriliki huanza kulainika inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo rangi nzito mbele ya balbu iliyo karibu na kioo si jambo la kupuuza.

Rifleketa usiiguse kabisa. Ni ile sehemu yenye vipembe vidogo vingi, na ndiyo inayokuonyesha gari likiwa limeegeshwa na taa zote zimezimwa. Indiketa na rivasi nazo ziache wazi. Kabla ya yote, soma sheria za ukaguzi za mahali ulipo, kwa kuwa kuna kwingine ambako rangi yoyote juu ya taa hulifanya gari likataliwe.

Mwenye swali

Nawashukuru sana. Nimeiwasha jioni hii nikaona mwanga mwingi uko katikati, na theluthi ya chini haiwaki kabisa isipokuwa rifleketa iliyo kwenye kona. Je, nikiishusha mistari miwili huko chini, nje ya rifleketa, na kuuacha mmoja juu, itafaa? Na je, stika si salama zaidi kuliko rangi?

Fundi rangi

Miwili ya chini haina tatizo. Stika hukusanya uchafu kwenye kingo na huanza kuinuka pale kioo kinapopinda, ndiyo maana mimi napendelea rangi. Hata hivyo kwa majaribio haina mpinzani: ibandike kwanza, itembelee kwa wiki moja, na usiporidhika uibandue. Rangi ikishakauka huondolewa kwa msasa wa maji na polishi tu, kwa kuwa tina, kama nilivyosema, hairuhusiwi kwenye akriliki.

Mtaalamu wa umeme wa magari

Naafiki. Stika ikiwa imebandikwa, egesha gari mchana, jua likiipiga taa, usimame hatua kama 30 nyuma yake huku mtu akikanyaga na kuachia breki. Kisha sogea upande wa kushoto na wa kulia mpaka uwe unaitazama kwa pembe ya nyuzi 45, kwa sababu dereva wa njia ya pembeni naye anapaswa kuiona. Linganisha na taa ya upande wa pili ambayo hujaibandika kitu. Ukilazimika kutazama mara mbili ili kujua ipi imewaka, ule mstari wa juu usiupake.