Meno ya mbele ya mwanangu yanaoza, niyang'oe?

Mama Lulu: Wadau nisaidieni. Binti yangu ana miaka 2 na nusu, meno manne ya mbele ya juu yamegeuka kahawia na yanamomonyoka kuanzia kwenye fizi. Pipi hazijui, namswaki kila asubuhi. Nimeshapanga na daktari ayang'oe Jumamosi. Si ya utoto tu, yataota mengine?

Mzee wa Sakina: Pole mama. Sisi tumekua na mswaki wa mti na maziwa mgando, nani alioza meno? Biskuti zinamaliza watoto. Babu yangu kazikwa na meno yake yote.

Dada Tausi: Mzee, kauliza ya mtoto, si ya babu. Mama Lulu, ya chini yakoje?

Mama Lulu: Mazima kabisa.

Dada Tausi: Basi analala na chupa. Akinyonya, ulimi unayafunika ya chini, kinywaji kinatuama kwenye ya juu, na usingizini mate hupungua. Kuna nini humo?

Mama Lulu: Chai ya maziwa, sukari kidogo tu. Naingia zamu ya usiku, anabaki na dada, bila chupa halali. Na dawa ya meno yenye floridi, madini ya kukinga meno, sitaki. Nimekulia Arusha, meno yangu yana madoa ya maji yenye floridi nyingi.

Kiroboto: Akaunti ya juzi, kila jibu lina jipya. Stori ya kutunga hii. Kesho ataleta dawa ya mitishamba ya kuuza.

Mama Lulu: Sina cha kuuza kaka. Mtoto hata uji wa vuguvugu unamliza.

Mzee wa Sakina: Mwacheni. Watu wa Arusha tunajuana tukicheka, mimi mwenyewe ninayo madoa hayo.

Dada Tausi: Madoa yetu ni ya maji tuliyokunywa miaka mingi, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka. Dawa kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na usiku, si sawa na hayo. Mtajie daktari maji mnayotumia. Ya mbele hubadilika miaka 6 hadi 8, magego hukaa mpaka 10 hadi 12. Mnyanyue mdomo kwenye mwanga: mstari mweupe kama chaki kando ya fizi ndio mwanzo wa kuoza, hapo bado unazuilika. Kama hakuna usaha, uliza kwanza kuziba. Chupani weka maji matupu.

Mama Lulu: Jumamosi nitauliza kuziba. Maji matupu hatakubali leo wala kesho, naanza kwa kutoa sukari.