Programu ya kuweka misimbo ya uso imenilia wiki tatu, halafu wanasema kosa ni la video yangu

Wakuu, nimesubiri hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua.

Kwa asiyeijua kazi hii: naangalia video ya mtu akiongea, naandika kila msuli wa uso unapoanza kusogea, unapofika kileleni na unapolegea. Tunafuata FACS (Facial Action Coding System), mfumo wa Paul Ekman na Wallace Friesen wa 1978, uliorekebishwa 2002, unaoupa kila msogeo wa uso namba yake. Humo hakuna "amefurahi" wala "amenuna". Kuna msimbo 12, pembe za mdomo kuvutwa juu. Kuna 6, shavu kupanda na kukunja ngozi pembeni mwa jicho. Halafu unaipa nguvu, kuanzia A ambayo karibu usiione, hadi E. Dakika moja ya video inaweza kukumeza saa nzima, na mtu akiwa na ndevu nyingi ndiyo basi tena.

Tuko wawili. Kila mmoja anaweka misimbo peke yake, kisha tunalinganisha. Video ya nusu saa: dakika tano za mwanzo kappa (kipimo cha tunavyokubaliana, 1 ni sawa kabisa, 0 ni kubahatisha) ni 0.79, nikajipongeza. Dakika tano za mwisho, 0.11. Hapo ni kama mmoja wetu alikuwa anabahatisha, na kiongozi wa mradi alinitazama mimi. Na mwenzangu tulinuniana siku mbili, kila mtu akiamini mwenzake alisinzia.

Kilichotuokoa ni 45, kupepesa macho. Hiyo haina ubishi: kope zinafunga, zinafunguka, kwisha. Tukaweka orodha zetu sambamba. Za kwangu zote zinawahi. Mwanzoni huoni tofauti, dakika ya kumi ni sekunde 0.6, dakika ya thelathini ni 1.8. Kupepesa kwenyewe hakufiki nusu sekunde! Kwa hesabu za kompyuta, mimi na yeye tulikuwa tunaangalia macho ya watu wawili tofauti.

Kumbe kamera ilirekodi fremu (picha mojamoja zinazounda video) 29.97 kwa sekunde. Toleo lililo kwangu linahesabu fremu na kugawa kwa 30, la mwenzangu linasoma muda uliomo kwenye faili. Programu ileile, watengenezaji walewale, na hakuna onyo hata la mstari mmoja.

Sawa, za kamera nimezidisha kila muda kwa 1.001, zimekaa. Lakini video 11 zilipigwa kwa simu, na simu mwanga ukipungua hupunguza fremu katikati ya video bila kukuuliza. Hapo hakuna namba moja ya kuzidisha.

Nikawaandikia watengenezaji. Baada ya siku sita wakajibu: "Tunapendekeza utumie video zenye kasi isiyobadilika." Mwongozo wao unasema inapokea video ya aina yoyote! Ni fundi cherehani kukuambia shati liko sawa, mwili wako ndio umekosea vipimo.

(Kitufe cha kurudi fremu moja nyuma sikisemi. Ukikibonyeza unarushwa karibu sekunde nzima, unaanza upya kuutafuta mdomo ulipoanzia kusogea.)

Nilidhani nimepata mlango. Nizidishe muda wangu kwa 30, nipate namba ya fremu, kisha nitafute muda wake halisi ndani ya faili la video. Nikafungua jedwali nililotoa kwenye programu: muda wote umekatwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Fremu tatu zinaingia humo, na ipi ni ipi sijui. Kwa kazi ambayo msuli unaweza kuonekana na kupotea ndani ya fremu chache, nani alikaa mezani akaona hiyo inatosha?

Naamini namba kamili bado ziko ndani ya faili la mradi lenyewe, ila likifunguliwa nje ya programu linaonekana takataka tupu. Aliyewahi kulifungua, aseme alitumia nini. Wa "si uiachie kompyuta isome nyuso yenyewe" apite tu, leo sina nguvu za kubishana.