UZI WA MALALAMIKO: Kampuni za bima Lubumbashi, lipeni vioo mlivyokwisha kuagiza

Bandugu, na hasa nyinyi wenye garaji na atelie za vioo vya magari, uzi huu ni wa hasira na sitaificha. Kuna kampuni za bima hapa Lubumbashi zinazotutumia wateja na karatasi mkononi, zinasema wekeni paribrizi, yaani kioo cha mbele, sisi tutalipa, kisha hazilipi. Kioo kimewekwa wakati wa vumbi, mvua imenyesha, mvua imekatika, na fakitire, yaani ankara yetu, bado imelala mezani kwa mtu. Sitaji jina la kampuni yoyote. Wenye tabia hii ni zaidi ya mmoja, na wakisoma watajijua.

Kwa wale wasioijua kazi yetu, mambo yanakwenda hivi. Lori limebeba shaba kutoka Kolwezi au Likasi, linashuka Kasumbalesa, tairi lake linarusha jiwe, jiwe linapiga kioo cha gari ndogo inayofuata nyuma. Mwenye gari akiwa ameilipia garanti ya vioo kwenye mkataba wake, anakwenda kutoa taarifa kwa kampuni yake. Kampuni inamtuma kwetu kutafuta devi, yaani makadirio ya bei. Tunapima, tunaandika bei ya kioo, gundi, kazi na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Kampuni inakubali, mara nyingi kwa simu tu au kwa karatasi isiyo na kiasi wala tarehe ya malipo. Mteja anaondoka na gari lake zima. Sisi tunabaki na kopi ya fakitire.

Sasa sikilizeni pesa ya kile kioo ilipotoka. Vioo vingi tunavyoweka hapa vinapanda kutoka Afrika Kusini, vinavuka Zambia, vinaingia Kasumbalesa, na muuzaji wa jumla anataka dola mkononi kabla hujakigusa. Kikipasuka njiani au wakati wa kukishusha, hasara ni yako. Gundi nayo ina tarehe ya kuisha, na joto la bohari linaiharibu kabla ya tarehe hiyo. Vijana wa kazi wanataka pesa yao Jumamosi, mwenye nyumba anataka kodi yake. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayekubali kungoja "dosiye", yaani faili la madai, "itoke kwa mkurugenzi". Na kampuni yenyewe je? Yenyewe ilichukua pesa ya mteja mwanzoni, kabla ya kumkinga siku hata moja. Hakuna kampuni ya bima inayokupa karatasi leo ukalipe baada ya miezi sita. Basi kwa nini mimi nitoe kioo leo nilipwe ikipendeza?

Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa na naomba msiipite. Mtaji wa atelie ndogo ya Kampemba au Katuba ndio unaobeba madeni ya kampuni zenye ofisi zenye kiyoyozi katikati ya mji. Tunawakopesha bila kuombwa, bila riba, bila mkataba. Fakitire nne au tano zikikwama pamoja, atelie haina tena pesa ya kununua vioo, na mteja anayelipa taslimu anafika anakuta rafu tupu.

Halafu kuna hii ya PV, yaani ripoti ya polisi. Mtu amepigwa jiwe barabarani saa kumi na moja jioni, lori limeshapotea mbele, hakuna aliyeumia, hakuna gari lingine lililogongwa. Garanti ya vioo haimtafuti mwenye kosa. Inalipa kioo kilichovunjika, basi. Lakini ofisi inamwambia mteja bila PV dosiye haifunguliwi. Mteja anarudi kutafuta polisi wa barabara aandike jambo ambalo polisi huyo hakuliona, na sisi wote tunajua karatasi ile haipatikani bure. Akiipata, anaambiwa tarehe ya PV haifanani na tarehe ya taarifa. Wakati huo anaendesha na ufa mbele ya macho, na jua la asubuhi likiupiga ule ufa, haoni mtu anayevuka barabara. Mnataka ushahidi? Ombeni picha ya gari nzima na plaki ikionekana, picha ya karibu ya kioo kilichopasuka, namba ya shasi. Tunazipiga dakika tano, mteja akiwa bado amesimama pale.

Ila kinachoniuma kuliko vyote ni vitundu vidogo. Paribrizi imetengenezwa kwa tabaka mbili za kioo zilizobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Ndiyo maana haimwagiki vipandevipande kama kioo cha mlango. Jiwe likitoboa tabaka la nje tu, na kitundu kiwe kidogo, mbali na ukingo, mbali na macho ya dereva, hakuna haja ya kubadilisha kioo. Tunavuta hewa kutoka ndani ya kitundu, tunaingiza rezini, tunaikausha kwa taa ya ultravioleti, na gari linaondoka siku ileile. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kioo kipya. Kampuni yenye akili ingepiga simu palepale: rekebisheni haraka.

Lakini dosiye ya kitundu inatembea mwendo uleule wa dosiye ya gari lililopinduka. Ekspeer, yaani mkaguzi wa kampuni, aje kwanza. Ekspeer yuko Likasi. Ekspeer amerudi lakini hana mafuta ya kufika kwetu. Tunamwambia mteja abandike selotepu safi juu ya kitundu ili vumbi na maji visiingie, maana uchafu ukishaingia rezini haishiki vizuri. Unafika mwezi wa 6 na wa 7, nyinyi mnajua baridi yetu ya asubuhi. Mtu anawasha hewa ya moto ndani ya gari, au mlinzi anamwagia kioo maji ya moto, kitundu kinatembea, kinakuwa ufa hadi ukingoni. Hapo rezini haisaidii tena, kioo ni cha kubadilisha. Gharama imepanda mara nyingi, na kampuni ileile iliyochelewesha inatuuliza kwa nini devi imeongezeka!

Na devi yenyewe wanaikata bila kuuliza. Mtu wa ofisini ambaye hajawahi kushika kisu cha kutolea gundi anafuta mstari, anaandika bei aliyoiona kwa gari lingine. Hapa kwetu magari ya usukani wa kulia na ya kushoto yanatembea barabara moja, na kioo cha upande mmoja si lazima kikubali kwa mwingine, hata kama jina la gari ni lilelile. Kuna kioo chenye nafasi ya sensa ya mvua na kuna kisicho nayo. Kuna gari lenye kamera nyuma ya paribrizi, ambayo ukibadilisha kioo lazima ipimwe upya, la sivyo inasoma barabara vibaya. Mengi ya hayo yanaonekana kwa namba ya shasi, na tuliiandika kwenye devi. Hawakuisoma. Kisha wanataka tuweke gundi ya bei rahisi tumwachie mtu gari baada ya nusu saa. Sitafanya. Paribrizi inasaidia kushika paa gari likipinduka, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria unaegemea kioo hicho unapofunguka. Gundi isiposhika, kioo kinaruka nje na mfuko unafuata. Anayekaa kiti kile mara nyingi ni mama wa mtu amempakata mtoto.

Nije kwa wateja, maana hapa ndipo tunapovunjiwa heshima. Kampuni ikichelewa, haimwambii mteja kwamba imechelewa. Inamwambia atelie haijaleta karatasi. Mama mmoja mteja wangu, mtu wa heshima sana, alikuja amekasirika mbele ya watu: "Papa, juu ya nini banasema ni weye haukutuma fakitire?" Nikamtolea kopi yenye muhuri wao wa kupokelewa, na tarehe. Alinyamaza, akaomba msamaha, lakini kosa halikuwa lake. Wengine hawaji kuuliza. Wanasema tu mtaani kwamba pale kwa yule kuna wizi.

Wapo pia wanaoambiwa na ajenti "umefunikwa kila kitu". Wanafika kwetu ndipo wanasikia kwamba kuna franshizi, yaani kile kiasi anachobeba mteja mwenyewe, au kwamba walinunua ile bima ya lazima peke yake, inayolipa madhara uliyomfanyia mwingine na haigusi kioo chako. Sisi ndio tunaowapa habari mbaya, na sisi ndio tunaotukanwa. Ajenti amekwisha kula komisheni yake.

Matabishi, yaani hongo ndogo, nayo siwezi kuiacha. Mtu wa biro ananiambia bila aibu kwamba dosiye yangu inahitaji "kusukumwa". Mwingine alitaka niongeze bei kwenye fakitire, tugawane kile cha juu. Nilikataa, kwa sababu jina na saini chini ya fakitire ni zangu. Tangu hapo karatasi zangu zinakwenda polepole kuliko za wengine. Najua kuna mtu atajibu hapa kwamba hata watu wa vioo ni wezi, wanaandika kioo kipya wanaweka cha okazioni, kilichokwisha kutumika. Ni kweli, wapo, na wanatuharibia sote. Lakini dawa yake ni rahisi: kila paribrizi ina alama ya kiwanda kwenye kona. Piga picha ile alama kabla na baada, tuma mtu aje kuangalia gari kabla halijatoka. Kuchelewesha malipo hakumkamati mwizi. Mwizi alishatoa matabishi, na ndiye anayelipwa wa kwanza.

Tulikuwa na kampuni moja tu ya Serikali kwa miaka mingi, tukawa tunasema shida ni kukosa ushindani. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungua soko, na kuanzia 2019 kampuni binafsi zikapewa ruhusa ya kufanya kazi. Tulifurahi kweli. Leo mabango ni mengi kwenye barabara zote kubwa, lakini anayengoja ukumbini na fakitire ni yuleyule.

Mimi nimeamua. Sitaweka tena kioo chochote cha bima bila bon, yaani hati ya kuagiza kazi, iliyosainiwa, yenye kiasi, namba ya shasi na tarehe ya malipo. Kampuni yenye deni la zamani kwangu, mteja wake atalipa taslimu, nitampa fakitire na picha zote akadai mwenyewe kurudishiwa. Nasikitika kwa wateja, lakini mtaji hauko tena. Na hizi kopi zenye muhuri nazipanga niwaandikie ARCA, mamlaka ya serikali ya bima, maana ndiyo iliyopewa kazi ya kuzisimamia kampuni hizi. Barua ya mtu mmoja itasomwa polepole. Wenye atelie za Ruashi, Kenya (komini yetu, si nchi), Katuba, Bel-Air, hata Likasi na Kolwezi: kama una fakitire iliyopokelewa kwa muhuri na haijalipwa, andika hapa chini ni ya mwezi gani. Usiandike jina la mteja. Tarehe ya muhuri inatosha, na kopi uniletee tuzitume pamoja.