Besi ya kuisikia mwilini: sabufa pande mbili, katikati, au sakafu ya mbao?

Waya_Mbili
Wakuu, naomba ulinganisho. Ukumbi wa baa Sinza, mita 12 kwa 20, pande mbili wazi, paa la bati, chini zege na vigae. Ijumaa dansi, Jumamosi singeli. Sabufa 4 za inchi 18. Meza moja, mita 15 kutoka jukwaani, wanakaa viziwi 8. Nataka mtetemo uwafikie bila kuwaua wengine masikio. Nigawe sabufa mbili kila upande, nizikusanye katikati, au nijenge sakafu ya mbao yenye sheka za besi (zile mota za spika zisizo na koni)?

Kinanda_Temeke
Kugawa tupa kabisa. Kwa joto la Dar sauti inakwenda karibu mita 348 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu wa mita 7. Makundi yakiachana mita 8, mtu aliye mita 5 kutoka jukwaani na mita 3 pembeni ya mstari wa kati anapokea mawimbi mawili yaliyopishana mita 3.5, yanauana. Hapo ndipo watu husema sabufa mbovu na kupandisha sauti. Zikusanye 4 zikigusana, chini. Mstari wa kati hautaongezeka nguvu, ila meza za pembeni zitapata. Na ukuta usiwe mita 1.4 nyuma yake: wimbi linalorudi linakula 62 Hz, palepale dramu kubwa inapopiga.

Seremala_wa_Sauti
Sawa, lakini zege halitikiswi na hewa. Hata ukizikusanya, miguuni kwa hao wanane hakuna kitu. Chini ya meza yao jenga jukwaa dogo la plaiwudi 2 za milimita 18, kila moja futi 8 kwa 4, zilale sambamba juu ya mbao za inchi 2x4 kila sentimita 40. Chini weka vipande vya raba ya tairi, bila hivyo zege linanyonya nguvu yote. Sheka 2 za wati 50, bolti kwenye mbao zenyewe, si kwenye plaiwudi. Usitumie misumari: inalegea ndani ya wiki chache na jukwaa linaanza kuchakacha. Sheka zipelekee 30 hadi 200 Hz. Ngozi inahisi vizuri zaidi karibu na 250 Hz, kwa hiyo ukikata kwenye 80 gitaa la besi linapotea na kubaki dundo tu.

Kinanda_Temeke
Singeli hapo itakuletea shida. Kwa mapigo 240 kwa dakika, dundo ni kila sekunde 0.25, na mbao isiyokazwa bado inatikisika dundo la pili likifika. Linakuwa tope moja. Ongeza mbao za kukingama, na mwambie DJ afupishe mkia wa kiki (mwangwi unaobaki baada ya dundo la dramu kubwa).

Waya_Mbili
Vipi dilei, yaani kuchelewesha sheka kidogo? Sheka inapiga papo hapo, sauti ya hewani inachelewa.

Seremala_wa_Sauti
Kwa mita 15 ni milisekunde 43. Anayesikia atahisi mguu umetangulia sikio, hivyo kwake weka 43. Lakini kiziwi anamtazama mpiga dramu, na mkono anauona palepale. Kwake sifuri ndiyo sahihi. Meza ni yao, anza na sifuri. Wakisema kifua na miguu vinagombana, peleka 43.

Mama_Ngoma
Kabla hamjanunua mbao: puto lililojazwa vizuri, likishikwa kwa viganja viwili, linatetemeka na sauti za juu zaidi ya zile zinazofika miguuni. Ngoma yenye ngozi iliyowambwa ikipakatwa inafanya hivyo hivyo, ila inachagua noti zake. Viti vya plastiki kwenye vigae havileti chochote.

Kinanda_Temeke
Halafu kaza bati kwanza, skrubu zenye washa za raba. Bati likilia, nusu ya mnachoita besi ni hilo. Na jukwaa la sheka lina faida nyingine: halipeleki besi kwa jirani. Kanuni za kelele na mitetemo za 2015 zipo, na wakaguzi wa mazingira wa serikali hupita.

Waya_Mbili
Basi 4 katikati, jukwaa la 2.4 kwa 2.4 kwa meza ile. Kwa watu wanane na meza, litatosha?

Seremala_wa_Sauti
Wanne kila upande, miguu yote juu ya mbao. Meza nayo ikae juu, waweke viganja.